Mgeni, Ziwa na Msitu: Karagwe Machoni mwa Wapitaji

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii hutajwa aghalabu mlangoni, kwa bashasha, mkeka ukiwa umeshatandikwa na kahawa ikiwa jikoni. Anayesoma maandishi ya safari, hata hivyo, hana budi kuitazama kwa upande wake wa pili. Mgeni akisha kuja, akapokewa, akaona, kisha akarejea kwao na kuandika aliyoyaona, ni nani aliyepona? Mwenyeji aliyeachwa nyuma, au msomaji wa mbali aliyepewa nchi ya watu ndani ya kitabu? Swali hili lina uzito wa pekee mtu asomapo yaliyoandikwa juu ya milima, maziwa na misitu ya Karagwe, nchi ambayo kwa muda wa zaidi ya karne moja na nusu imekuwa ikitembelewa na watu wenye kalamu.

Karagwe ya leo ni wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, kwani Kyerwa ilikatwa ikawa wilaya yake yenyewe mwaka 2012. Magharibi yake mto Kagera unaitenga na Rwanda, na kaskazini unaitenga na Uganda. Ni nchi ya milima iliyolala kwa safu, migongo yake ikiwa ya nyasi na mabonde yake yakiwa ya migomba na mibuni, na kando ya mto na maziwa yakaota mafunjo mazito. Mtu aliyezoea kuuona upeo wa macho ukiwa mstari mmoja wa bahari, pale huuona umevunjika vipande vipande, kila mlima ukificha mwingine. Na katika korongo moja la Kyerwa, penye chemchemi za maji moto ziitwazo Mtagata, umesimama msitu wa miti mikubwa yenye kivuli kizito, hali milima iliyouzunguka ni ya nyasi tupu. Msitu huo, pamoja na ziwa lililo karibu na Bweranyange, makao ya kale ya wafalme wa Karagwe, ndio mizani ya makala haya. Kwa viwili hivyo inawezekana kupima jicho la mgeni, na hatimaye kupima ushairi wa Kiswahili wenyewe.

Wageni wa kwanza wa Kizungu walioandika juu ya nchi hii walikuwa John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliofika kwa Mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba 1861. Kitabu cha Speke kilitoka mwaka 1863 na cha Grant mwaka 1864. Vyote viwili husomwa leo kama ushahidi wa historia. Ni nadra kusomwa kama fasihi, ilhali ni fasihi. Ndani yake mna uchaguzi wa maneno, mna tashbiha, mna kinachosemwa na kinachonyamaziwa. Na tashbiha iliyo kubwa kuliko zote imo katika jina. Walipoliona ziwa lililo chini ya makao ya mfalme, Grant aliliona limefanana mno na ziwa Windermere la kwao Uingereza, nao wakaliita "Windermere Dogo."

Jina hilo halikutoka hewani. Windermere ndilo ziwa la asili lililo kubwa kuliko yote ya England, na nchi iliyolizunguka ilikuwa imekwisha kutukuzwa na washairi kabla ya Speke na Grant kuanza safari yao. William Wordsworth aliishi katika nchi hiyo sehemu kubwa ya umri wake, akaitungia mashairi, na akaiandikia pia kitabu cha kuwaongoza watembezi, kilichotoka kwanza mwaka 1810 na kuchapishwa tena na tena. Kwa hiyo msomi wa Kiingereza wa katikati ya karne ya 19, akiona maji yaliyotulia chini ya vilima vya kijani, alikuwa na namna ya kuyaona iliyokwisha kukatwa na kushonwa na washairi wake. Grant hakuliona ziwa la Karagwe kwa macho matupu. Aliliona kupitia kwa vitabu vya kwao. Si aibu, maana hakuna binadamu anayeona kwa macho matupu.

Basi kosa liko wapi? Wako wanaosema kwamba kosa ni kufananisha. Hoja hiyo haisimami mbele ya mpenzi wa ushairi, maana ukiondoa tashbiha na istiara umeondoa nusu ya mali ya mshairi. Aliyezaliwa Tumbatu akipanda mlima wa Karagwe alfajiri na kuona ukungu umejaa bondeni, atasema bahari imejaa, na atakuwa amesema kweli. Tofauti ipo katika safari ya tashbiha yenyewe. Tashbiha njema huenda na kurudi. Hukichukua kitu, hukipeleka kwa mwenzake, kisha hukirejesha kwao kikiwa kimeongezewa mwanga. "Windermere Dogo" ni tashbiha iliyokwenda isirudi. Ziwa lilipelekwa England likaachwa huko huko, tena likiwa na kivumishi cha udogo shingoni. Wenyeji walikuwa na jina lao la ziwa hilo kwa lugha yao. Katika ufananisho ule jina hilo halina kazi. Msomaji wa London alipofika ukurasa huo hakuijua Karagwe zaidi ya alivyoijua jana. Alikumbushwa tu kwao.

Henry Morton Stanley, aliyepita mwaka 1876, alizidisha. Yeye aliuita mto Kagera kwa jina la Alexandra, mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, kama Speke alivyokwisha kuliita ziwa kubwa kwa jina la Victoria. Hapa hata ufananisho haupo tena. Mto haukufananishwa na binti wa kifalme, ulitunukiwa kwake. Ni nasaba ya majina ambayo katika ushairi ingeitwa sifa ya kununuliwa. Ni vyema ikumbukwe kuwa Alexandra hakudumu mtoni wala Windermere haikudumu ziwani, na Kagera ikabaki Kagera. Lakini Victoria ingali juu ya ramani zote.

Pamoja na kutaja majina, wageni hao walipima. Speke alipima hata watu: kisa chake cha kumpima kwa utepe shemeji wa mfalme, mwanamke aliyenenepeshwa kwa maziwa kama ilivyokuwa desturi ya jumba lile, kinajulikana na kimelaumiwa ipasavyo. Stanley alipofika Mtagata alitia kipimajoto ndani ya chemchemi, akaandika kiwango cha joto. Hata hivyo katika kurasa hizo hizo Stanley anakiri jambo moja ambalo kipimajoto hakikuweza kumwambia: kwamba aliwakuta pale watu wagonjwa, waliokuja kuoga wapate kupona. Anawataja, anapita. Ila msomaji wa leo husimama hapo, kwa sababu hao ndio wageni wa tatu wa msitu ule, mbali na mwenye kufananisha na mwenye kupima. Hawakuandika kitabu. Walivua nguo, wakaingia majini.

Jina la mahali penyewe liko upande wao. Katika lugha za ukanda ule, tangu Kinyambo cha Karagwe hata Kinyankole cha ng'ambo ya mto, kutagata ni kuwa na joto. Na Uganda kuna chemchemi nyingine ya maji moto iitwayo Kitagata, kwa mzizi huo huo. Mtagata, basi, ni jina lililotolewa na ngozi. Mtu alitia mkono majini, akasema alichohisi. Windermere ni jina lililotolewa na kumbukumbu ya mtu aliyesimama kilimani, mbali na maji. Mpenzi wa ushairi hahitaji kuelezwa ni lipi kati ya majina hayo mawili lililo karibu zaidi na shairi.

Haki, hata hivyo, yadai kwamba Grant asihukumiwe kwa jina moja. Alipokuwa Karagwe, mguu wake uliuguza kidonda kibaya. Speke alipoondoka kwenda Buganda mwezi wa Januari 1862, Grant alibaki, hawezi kutembea, hata mwezi wa Aprili. Alilala, akauguzwa, akaletewa habari na mimea. Yeye alikuwa mpenzi wa mimea na mchoraji, na mimea iliyokusanywa katika safari ile ilikuja kuelezwa na wataalamu wa London katika machapisho yaliyotoka kati ya mwaka 1872 na 1875. Kurasa za Grant juu ya Karagwe zina subira ambayo kurasa za Speke hazina: zinatazama chakula, ngoma, mavazi, miti, mvua. Yule aliyeitwa mgonjwa ndiye aliyeona zaidi, kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kupita. Ni kama kwamba kidonda kilimtoa katika kundi la wapimaji kikamsogeza kidogo upande wa wale waogaji wa Mtagata. Alihitaji kitu kutoka katika nchi ile, na mwenye kuhitaji huwa na adabu.

Mpaka hapa msomaji wa pwani anaweza kuketi kwa raha, akidhani kesi ni ya Wazungu peke yao. Sivyo. Misafara ya akina Speke iliongozwa na kubebwa na watu wa pwani na wa bara waliokijua Kiswahili, mbele yao akiwa Sidi Mubarak Bombay, aliyesafiri na Speke, na baadaye na Stanley na Cameron. Kafuro, ndani ya Karagwe, palikuwa kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Yaani miongo mingi kabla ya reli, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuuona msitu wa Karagwe. Kilisema nini?

Bombay hakuacha kitabu. Lakini nathari ya safari ya Waswahili ipo. Ziko safari zilizokusanywa na Carl Velten na kuchapwa mwaka 1901, miongoni mwa wasimulizi wake wakiwamo Selemani bin Mwenye Chande na Mtoro bin Mwinyi Bakari, na yako maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Nathari hiyo ni nzuri: kavu, ya haraka, isiyojipamba. Kwa upande mmoja inawashinda Wazungu, maana majina ya mahali inayaacha kama yalivyo. Hakuna Swahili aliyeliita ziwa la bara "Chwaka Ndogo." Kwa upande mwingine, nayo inapima; kipimo chake tu ndicho tofauti. Hupima nchi kwa siku za mwendo, kwa hongo iliyotozwa, kwa bei ya pembe na urefu wa nguo. Msitu ndani yake ni kitu cha kuvukwa kabla ya jua kutua. Neno la pori katika kinywa cha mfanyabiashara lilikuwa na maana ya mahali pasipo na soko.

Neno hilo halikukaa katika biashara peke yake. Limeingia katika ushairi. Pori, nyika na mwitu, katika tungo nyingi za pwani, ni upungufu: mahali pasipo na mji, pasipo na adabu, pasipo na mtu wa kujibizana naye. Ila hazina ya ushairi wenyewe inakanusha umaskini huo. Katika utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa anapokimbia mfalme huingia mwituni, na mwitu humpokea. Huko ana wenzake, ana chakula, ana kikoa cha kula makoma kwa zamu juu ya mkoma, na ana akili ya kuutambua mtego uliofichwa ndani ya kikoa hicho. Mauti ya Liyongo hayakutoka mwituni. Yalitoka mjini, mkononi mwa mwanawe. Ushairi uliozaa kisa hicho hauna udhuru wa kuuona msitu kama utupu. Wala wakaazi wa visiwani hawana, wenye Jozani kule Unguja na Ngezi kule Pemba, na wanaojua kwamba penye mti mkubwa pana hadithi. Ng'ambo, misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na kilichotunza misitu hiyo ni kuheshimiwa. Haikutunzwa kwa kuachwa bila watu.

Yafaa kuongeza hapa kwamba hata Waingereza wenyewe, katika mambo ya misitu, si wajinga kama majina ya Speke yanavyodokeza. Kwao msitu wa kale una maana maalumu: ni ule uliokuwapo mfululizo tangu mwaka 1600. Na wanaoichunguza misitu hiyo wanajua kwamba mingi ilidumu kwa kuwa watu waliitumia, wakikata miti karibu na shina ili ichipue tena, kizazi baada ya kizazi. Kagera nayo si nchi ya msitu bikira. Wafua chuma wa ukanda ule walikuwa wakiyeyusha chuma takriban miaka 2,000 iliyopita, na tanuri hula miti. Ufalme wa Karagwe uliweka vyuma miongoni mwa alama zake za enzi. Karibu na siku zetu, mwaka 1994, wilaya ile ilipokea wakimbizi kutoka Rwanda, na kila familia ilihitaji kuni za kupikia. Mti uliobaki Karagwe ni mti ulioruhusiwa kubaki. Mshairi akienda huko na kuuimba msitu kana kwamba haujawahi kuona binadamu, atakuwa amerudia kosa la Windermere kwa Kiswahili sanifu.

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni la bahari za ushairi: kwamba vina na mizani vilizaliwa pwani, na majina ya bara hayakai humo. Mabishano hayo yana historia. Mwaka 1971 Mombasa ilitoa Malenga wa Mvita wa Ahmad Nassir. Mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara, kwa kichwa kilichokuwa dai zima. Na mwaka 1977 ukafuata Malenga wa Mrima wa Mwinyihatibu Mohammed. Katika zogo la mashairi huru lililopamba moto miaka hiyo, bara lilihusishwa na kuvunja na pwani ikahusishwa na kushika. Lakini jaribio ni jepesi. Bweranyange ni mizani nne. Mtagata ni mizani nne, maana m ya mwanzo huhesabiwa. Majina hayo mawili yakiwekwa bega kwa bega hujaza kipande cha mizani nane bila kuongeza wala kupunguza silabi, na kila moja lina kina chake tayari. Rumanyika vivyo hivyo ni nne. Bahari haikuyakataa majina haya. Ni mabaharia ambao hawajayapakia.

Wala bara lenyewe halikosi mafundi. Mulokozi, kabla na baada ya kuandika kwa Kiswahili, alichunguza tenzi za Wahaya zinazoimbwa kwa enanga, akaonyesha kwamba majirani hao wa Karagwe wana ushujaa uliosimuliwa kwa ufundi uliokamilika. Israel Katoke aliandika historia ya Wanyambo na ufalme wao, kitabu kilichotoka mwaka 1975. Na ziwani, Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyokuja kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa Kiswahili alichokifasiri mwenyewe. Anayetaka kujua msitu unavyoandikwa na mtu asiyeupita tu, na aanze hapo. Kitereza hausifu mti. Anaeleza ni dawa ya nini, unachimbwa vipi, na nani anayeruhusiwa kuuchimba. Wako wahakiki wanaochoshwa na marefu yake. Marefu hayo ndiyo adabu yake: ni mwendo wa mtu anayeoga, si wa anayevuka.

Jambo hili si la vitabu peke yake. Mwaka 2019 mapori ya akiba mawili ya huko, Ibanda na Rumanyika Orugundu, yalipandishwa hadhi yakawa Hifadhi ya Taifa Ibanda-Kyerwa na Hifadhi ya Taifa Rumanyika-Karagwe. Na kusini yao ikaundwa Burigi-Chato. Tazama lugha inavyotenda kazi. Kwa tangazo moja, pori likawa hifadhi, na jina la mfalme aliyewapokea wageni wa 1861 likawekwa langoni kuwapokea wageni wa leo. Kuna faida ndani yake, na hakuna mpenzi wa miti atakayeikana. Lakini watalii wataletwa kwa maneno, na maneno hayo mtu atayaandika. Wordsworth alilijua tatizo hili kwa uchungu. Mwaka 1844 alipinga reli ya kuelekea Windermere, akiogopa umati utakaoliharibu eneo, hali yeye mwenyewe kwa mashairi na kitabu chake ndiye aliyekuwa miongoni mwa walioualika umati huo. Reli ikajengwa. Sifa ya mshairi ilifungua njia, na mshairi hakuweza kuifunga.

Wagonjwa wangali wanakwenda Mtagata, wakiamini maji yale huponya. Wakija wenye kamera na makala za kusifu, wakapaita Mtagata kwa jina la mahali pengine palipo maarufu zaidi, upo uwezekano wa kweli kwamba siku moja mgonjwa ataonekana ndiye anayeharibu mandhari. Hapo methali itakuwa imegeuzwa: mgeni amekuja, mwenyeji amehamishwa. Ushairi hauwezi kuzuia hilo peke yake. Unaweza, hata hivyo, kukataa kulitengenezea njia. Mshairi wa Unguja au Lamu akienda Kyerwa, na aende. Ni haki yake na ni deni la lugha yake, iliyopita huko na mizigo kichwani bila kuimba. Aulize jina la kila kitu kabla ya kukifananisha. Asikie watu wa huko wanauitaje msitu kwa lugha yao, alete neno hilo pwani lipimwe kwa mizani kama yalivyopimwa mengine. Akiona ukungu na kuuita bahari, aurudishe bondeni kabla ubeti haujaisha. Na akifika kwenye maji, asisimame kilimani.